Bolingi: gemu ya kwanza 187, gemu ya tatu 128, mkono ni uleule. Wakuu kumbe ni mafuta ya leni

Chumbageni1 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda. Najua humu wengi ni soka na ngumi ila leo naleta bolingi, ule mchezo wa kubiringisha mpira mzito kwenye leni, yani njia ndefu ya mbao, unaenda kuangusha pini 10. Nipo Columbus Ohio mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ghalani, na huu ni msimu wangu wa pili kwenye ligi ya Jumanne usiku, timu ya watu wanne, gemu tatu kila wiki. Naandika kwa sababu msimu mzima uliopita niliteseka na jambo moja na sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili nikaelewa, kwaiyo kama kuna mwenzangu yanamkuta hayahaya asome mpaka chini.

Ilikuwa hivi. Gemu ya kwanza natupa vizuri kabisa, 187, 190, kuna siku nilifika 204. Gemu ya pili inashuka 160 hivi. Gemu ya tatu 128, 131, na hapo wenzangu ndo wananihitaji maana pointi za mwisho zinaamuliwa pale. Kila Jumanne. Nikasema nachoka, nikashuka kutoka mpira wa paundi 15 mpaka 14. Haikusaidia. Nikanunua ile ya kukaza kifundo cha mkono, haikusaidia. Nikaanza kubadilisha namna ya kuachia, leo hivi kesho vile, nikaharibu mpaka ile gemu ya kwanza iliyokuwa nzuri. Nilikuwa narudi nyumbani usiku naendesha gari kimya, naumia kweli, unajua unawaangusha watu.

Sasa kuna mzee mmoja wa timu pinzani, fundi mitambo mstaafu, anacheza tangu ujana wake. Siku hiyo nimetupa, mpira umerudi, kabla sijaushika akauchukua yeye akaugeuza kwenye taa. Ulikuwa na pete za mafuta, nyembambanyembamba kama nyuzi, sehemu moja zimebanana halafu zinatawanyika zikizunguka mpira. Akapitisha taulo lake jeupe mara moja likatoka na doa la kijivu. Akaniuliza haya mafuta umeyatoa wapi? Nikamwambia si kwenye leni. Akasema sasa yapo kwenye taulo langu, kwenye leni je, bado yapo?

Nikakaa kimya. Msimu mzima nilikuwa natupa mpira uleule sehemu ileile nikitegemea matokeo yaleyale wakati njia yenyewe haipo tena.

---

Kiroboto wa Mbezi

Mkuu mi nilishacheza mara mbili tatu na washkaji, hayo mafuta ni ya nini tena? Nilijua ni mbao tupu zimepigwa polishi zing'ae. Hebu fafanua kwanza maana nadhani wengi hatujui hata hapo mwanzo.

---

Chumbageni1

@Kiroboto wa Mbezi swali zuri na hata mimi nilikuwa sijui mwaka mzima wa kwanza.

Leni kutoka mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka ukitupa, mpaka pini ya mbele ni futi 60, kama mita 18 na ushee. Upana una mbao 39, hata zile leni za sintetiki za siku hizi zimechorwa mbao hivyohivyo, na sisi wa mkono wa kulia tunahesabu ubao wa 1 kutoka kulia. Mbele kidogo kuna mishale saba, iko kwenye ubao wa 5, 10, 15 mpaka 35. Wengi tunalenga mshale, hatulengi pini.

Kabla ya ligi mashine inapita juu ya leni, inasafisha mafuta ya zamani na kupaka mapya. Hayaonekani kwa macho, ni kama mililita 25 tu kwa leni nzima, vijiko vitano vya chai. Na hayapakwi sawasawa. Kwenye pateni ya kawaida ya ukumbi yanafika kama futi 40, zile 20 za mwisho ni kavu, halafu katikati yamejazwa mengi na pembeni kidogo sana. Mpira ukiwa kwenye mafuta unateleza, ukifika kwenye ukavu unashika, unakata kona unaingia poketi, yani kati ya pini namba 1 na namba 3.

Sasa piga hesabu. Timu mbili za watu wanne ni watu wanane kwenye leni mbili. Kila gemu kila mtu anacheza freimu (yani zamu) tano leni ya kushoto na tano ya kulia. Kwaiyo kila leni inapitiwa na mipira ya kwanza 40 kwa gemu moja, bado spea, ile mipira ya pili ya kumalizia pini zilizobaki, hujahesabu. Ukianza gemu ya tatu imeshapita 80, na karibu yote inapita mshale wa pili, ubao wa 10, kwa sababu ndipo kila mtu alifundishwa kulenga. Mipira ya riaktivu, ile yenye uso wa vitundu, inanyonya mafuta. Pale palikuwa na mafuta pamekuwa njia kavu, mpira unashika mapema, unakata mapema, unaigonga pini ya mbele katikati ya uso au unavuka upande wa pili kabisa.

---

Shangazi_Minneapolis

Nimesoma nikasema huyu kaandika mimi. Endelea kaka.

---

Odhis_254

Sasa OP, uzi poa sana. Mimi nilianza hii kitu pale Village Market Nairobi na maboyz wa job, saa hii niko Dallas. Wacha niongeze kitu watu wengi hawaambiwangi. Ile rule ya kwanza kabisa ni fuata kosa lako. Mpira ukienda kushoto sana, wewe songesha miguu kushoto. Ukikosa kwa kulia, songa kulia. Inakaa ni kama ni opposite ya akili lakini jaribu utaona. Na hesabu ya kawaida ni mbao mbili za miguu kwa ubao mmoja wa macho, yaani kama ulikuwa unasimama ubao wa 20 ukilenga wa 10, sasa simama wa 22 lenga wa 11. Usisongeshe miguu peke yake alafu macho yabaki palepale, ama uanze kurusha kwa nguvu, hiyo ni ya baadaye sana.

Lakini usiseme ati kila wakati mafuta inakauka. Kama kwa hiyo leni kuna wasee wanatumia mipira ya yurethani ama plastiki, hizo hazinyonyi mafuta vile, zinayasukuma mbele. Inaingia kwa zile futi 20 zilikuwa kavu. Hapo mpira wako unateleza mpaka mwisho, hauna mshiko. Ukisonga kushoto hapo umeumia.

---

Chumbageni1

@Odhis_254 asante sana ndugu yangu, na hapo umegusa palepale palipoendelea kunitesa hata baada ya yule mzee kunielimisha.

Maana nilianza kusogea kushoto nikaona mabadiliko, gemu ya pili ikapanda. Lakini ya tatu likaja jambo jipya: mpira unaingia poketi vizuri tu, pini namba 10 inabaki. Straiki, yani zote 10 kwa mpira mmoja, hakuna, namba 10 imesimama peke yake pale kona ya kulia. Nikasema aah, mpira haukati vya kutosha, haufiki na nguvu, kwaiyo nikarudi kulia nipate ukavu zaidi. Ikawa mbaya zaidi. Wiki tatu mfululizo.

Mzee akaniambia acha kuitazama ile namba 10, tazama namba 6 inafanyaje. Namba 6 ndo iko mbele ya 10 na ndo inatakiwa kuiangusha. Kama 6 imeruka kwa kasi ikazunguka shingo ya 10 bila kuigusa, ulitupa vizuri, umekosa kidogo sana, rekebisha hata nusu ubao. Lakini kama 6 imeanguka taratibu ikalala kwenye gata, ule mfereji wa pembeni, kama mtu kachoka, mpira wako ulifika bila nguvu.

Nikakaa kwenye kiti nikatazama yangu. Kila mara 6 inalala kwenye gata.

Sasa hapo ndo penye mtego wakuu naomba msome taratibu. Mpira kufika bila nguvu kuna sababu mbili zinazopingana. Moja ni hiyo ya Odhis, mafuta yamesukumwa mbele, mpira haukupata pa kushika. Ya pili ni kinyume chake kabisa, kule mwanzo pamekauka, mpira umeshika mapema mno, umemaliza nguvu zake zote katikati ya leni, ukifika kwenye pini umeshaacha kukata, unabiringika tu. Kwenye pini vinafanana, namba 10 inabaki kotekote. Lakini dawa zake zinapishana, moja unaenda kulia, nyingine unaenda kushoto. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa pili nakunywa dawa ya wa kwanza.

Na huwezi kutofautisha kwa kutazama pini. Inabidi utazame katikati ya leni, futi ya 35, 40 pale, uone mpira unaanza kukata wapi. Mpira ukiachia mpaka unafika ni kama sekunde mbili na nusu tu, na macho yanataka yakimbilie kwenye pini yaone matokeo. Kuyazuia ni kazi kweli. Mimi imenichukua zaidi ya mwezi.

---

Bin Unguja Doha

Assalaam alaykum. Mimi nipo Doha, huku bolingi watu wanaicheza kwa dhati, hata michezo ya Asia ya 2006 ilipochezwa hapa bolingi ilikuwamo. Mashindano ya huku mara nyingi wanatia mafuta ya spoti, siyo yale ya ukumbi wa kawaida. Tofauti yake ni kuwa hapa mafuta ya katikati na ya pembeni hayapishani sana, ukitupa nje ya ulipokusudia hakuna cha kukurejesha. Kule kwenu ukikosea kulia ukavu unakurudishia mpira, ukikosea katikati mafuta yanakushikilia. Huku ukikosea umekosea.

Sasa kuna hesabu nilosomeshwa nayo, nami naitumia kila siku. Uliza urefu wa mafuta, toa 31. Kama ni futi 40, unapata 9, basi mpira wako unapotoka kwenye mafuta uwe maeneo ya ubao wa 9. Mafuta mafupi ya futi 35, utokee ubao wa 4, karibu na gata kabisa. Marefu ya 47, ubao wa 16, hapo usithubutu kwenda nje kwa sababu hautorudi. Ni pa kuanzia tu hapo, baada ya gemu moja leni ishakuwa nyengine.

---

Kiroboto wa Mbezi

Nimeelewa hadi nimeshangaa. Swali, mimi natumia mkono wa kushoto, hayo yote nageuza tu?

---

Odhis_254

@Kiroboto wa Mbezi unageuza yote, mbao unahesabu kutoka kushoto. Lakini kumbuka upande wako kunaenda watu wachache sana, pengine ni wewe peke yako kwa hizo leni mbili. Kwa hivyo mafuta yako inakaa muda mrefu na unasonga pole pole. Ubaya ni kwamba kama mafuta ya upande wako ni ngumu kutoka mwanzo hakuna mtu wa kukusaidia kuifungua.

---

Fundi Kasi

Mimi napingana kidogo na wakuu hapo juu. Kwa nini ujisumbue na kuhamahama miguu wakati unaweza kuongeza kasi tu? Leni ikikauka mimi natupa kwa nguvu zaidi, mpira unapita ukavu kabla haujashika. Nimecheza miaka minane hivyo na wastani wangu ni 165.

---

Shangazi_Minneapolis

@Fundi Kasi kaka sikukatazi ila ngoja nikwambie mwili wangu ulivyoniambia. Nami nilikuwa hivyohivyo. Unapotaka kasi unakaza bega, unakimbia kwenye aprochi, pale pa kutembelea kabla ya mstari, mguu unafika mstarini kabla ya mkono, mpira unaachia umechelewa. Mara moja unapatia, mara tatu unakosea, halafu huwezi kujua umekosea wewe au leni imebadilika maana umebadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ukihamisha miguu, mwendo wako, mkono wako, kuachia kwako vyote vinabaki kama vilivyo, kwaiyo mpira ukifanya jambo geni unajua ni leni inasema. Hiyo kwangu ndo sababu kubwa kuliko zote.

Wale wa juu wanabadilisha kasi na mkono ni kweli, lakini wanajua wameibadilisha kiasi gani. Mimi na kazi yangu ya usiku wodini na watoto wawili, siwezi kufanya mazoezi ya hivyo.

Na jambo jingine hakuna aliyeligusa, aprochi yenyewe. Huku Minnesota miezi ya baridi ukikanyaga theluji iliyoyeyuka mlangoni au bafuni kwenye maji, soli ya mguu wa kuteleza ikilowa kidogo tu, ukifika mstarini haitelezi, inagoma ghafla. Nilishuhudia dada mmoja wa timu yetu akaanguka na goti, hakucheza tena msimu ule. Nunueni vile vya kuvalisha viatu ukitoka nje ya eneo la kuchezea, ni bei ndogo, na kabla ya freimu ya kwanza telezesha mguu mara moja bila mpira upime. Aprochi nayo inabadilika, kukiwa na unyevunyevu inashika zaidi, na hapo mtu anasema leo mafuta mabaya kumbe ni kiatu hakitelezi, anaachia mapema kuliko siku zote.

---

Fundi Kasi

@Shangazi_Minneapolis nimekupata dada. Hapo pa kubadilisha vitu viwili kwa pamoja sikuwahi kupafikiria. Wiki hii najaribu miguu tu.

---

Bin Unguja Doha

Bibie kasema kweli. Na nyinyi wenye mipira miwili mitatu, kusogea kuna mwisho wake. Ukishafika mahala unasimama kushoto sana, unalenga mshale wa nne, mpira unapita kwenye mafuta mengi ya katikati kisha haurudi, jua mpira huo umeshamaliza kazi. Badili. Chukua wenye uso laini zaidi, unateleza mbali kabla ya kushika. Uso uliokwanguliwa kwa pedi ya msasa ya 500 au 1000 unashika mapema, wa 4000 au wa polishi unashika kwa kuchelewa. Lakini fanya nyumbani, kwenye mechi za USBC, chama cha bolingi cha Marekani, ikishaanza hairuhusiwi kuukwangua mpira. Taulo kavu tu, na lipitishe kila unapotupa, kila mara, mafuta yasijaze vitundu vya uso wa mpira.

---

Msafiri wa Bujumbura

Kuhusu pini namba 10 wakubwa, mimi mpira wa spea nilinunua wa plastiki, haukati kona, natupa moja kwa moja kutoka kushoto kwenda kulia. Mafuta yawepo yasiwepo hayanihusu. Nilikuwa nakosa namba 10 sita kila usiku, siku hizi moja au mbili. Leni ibadilike itakavyo, spea yangu haibadiliki.

---

Chumbageni1

@Msafiri wa Bujumbura hiyo umenigusa, nimeagiza wa paundi 14 jana.

Sasa wakuu mrejesho wa Jumanne iliyopita, nilisema nitarudi.

Gemu ya kwanza nilianzia ubao wa 20 nikilenga wa 10 kama kawaida. 181. Freimu ya nane leni ya kulia mpira ukaipiga namba 1 usoni, zikabaki namba 4 na 9. Zamani ningesema nimeachia vibaya. Nilijiuliza tu, uliachia ulivyotaka? Ndio. Ulipita ulipolenga? Ndio. Basi nikahama, 22 na 11. Leni ya kushoto sikuigusa, nikaiacha 20 na 10, kwa sababu kule ulikuwa bado unaingia vizuri, na hilo nalo sikulijua mwanzo kwamba leni mbili zilizopakana zinaweza kuwa tofauti kabisa, sasa nina kikaratasi mfukoni naandika ya kushoto na ya kulia.

Gemu ya pili 176. Nilikuwa nimefika 24 na 12 kulia, 22 na 11 kushoto.

Gemu ya tatu freimu ya nne leni ya kulia, poketi, 10 ikabaki. Nikaitazama 6, imelala kwenye gata. Moyo ukaniambia rudi kulia, kabisa, miguu yenyewe ilitaka kwenda kulia. Lakini mara hii nilikuwa nimeutazama mpira katikati, ulikuwa umeanza kukata mapema, hata haujafika nusu ya safari, na mwishoni ulikuwa unaenda mnyoofu. Umechoka, haujakosa mshiko. Zamu yangu iliporudi leni ile nikaenda kushoto mbao nne kwa mpigo, 28 na 14. Wa timu yangu aliniangalia kama nimekosea mahali pa kusimama.

Mpira ukaenda, ukaenda, nikasema haurudi huu, halafu pale mwisho ukakata kama umeitwa jina. Zote 10 chini. Na 6 iliiondoa 10 kwa nguvu mpaka nikasikia mlio wake tofauti na wa nyingine.

Nilimaliza 192. Gemu ya tatu ikawa ndo kubwa kuliko zote usiku ule, haijawahi kutokea tangu nianze. Tulishinda kwa pini 11. Yule mzee alikuwa leni ya nne kutoka kwetu, alikuja na taulo lake akauchukua mpira wangu akaugeuza kwenye taa, akanionyesha pete za mafuta zimekuwa nene kuliko za kwanza, maana sasa nilikuwa napita katikati ambako bado yapo.

Wiki ijayo tunahamia leni za mwisho kabisa za ukumbi, karibu na mlango wa nje, na baridi imeanza. Aliyewahi kucheza karibu na mlango hivyo anijuze, nitegemee nini?